Kicheko cha Yaya na Upepo wa Barabara ya Malori

Dada yangu mkubwa, ambaye huku Kolwezi namwita yaya kama wadogo wote wanavyowaita wakubwa wao, alikuwa na kicheko cha kuweza kusimamisha gari moshi la Tenke. Sisemi uongo, naongeza chumvi kidogo tu. Akicheka kwetu Dilala, wanunuzi wa soko la Manika waligeuka kutazama nani amefurahi. Kicheko chenyewe kilianzia tumboni, kikapanda polepole kama lori la shaba linapokabili mlima, kikafika juu na kupumzika hapo kidogo, halafu kikateremka kwa vishindo vidogo vidogo, mpaka aliyetoa mzaha ajione hana mwenzake duniani.

Nimeanza na kicheko kwa sababu ndicho kilichokuwa biashara yake. Yaya ana malewa, banda la chakula kando ya barabara inayotoka machimboni. Anapika bukari, ndio ugali wetu, anapika matembele na samaki wa kukaanga, na siku akiamka vizuri anapika maharage. Bukari nzuri iko kila kona ya Kolwezi, na madereva wa malori wanalijua hilo. Lakini dereva aliyeshinda kutwa katika foleni, peke yake na usukani, ana mzaha mmoja alioutunga njiani na hajapata wa kumwambia. Alishuka, akaketi kwenye benchi la yaya, akautoa. Hata uwe mzaha wa kipuuzi namna gani, yaya aliucheka mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo humwachi ukaenda kula kwingine.

Malori yaliyojaa hushuka upande wa machweo na kupanga foleni hapo. Malori matupu hupanda upande wa mawio bila kusimama, maana dereva wa lori tupu ana haraka ya kwenda kulijaza. Banda la yaya lilikuwa upande wa machweo, karibu na foleni kiasi kwamba dereva angeweza kunyoosha mkono dirishani na kuchovya tonge katika mchuzi. Hapo nimezidisha. Lakini si sana.

Sasa vumbi. Mtu wa mbali akisikia vumbi anafikiri ni kile kitu kinachofutwa mezani kwa kitambaa. La kwetu la kiangazi ni jekundu, jepesi, na halina adabu. Mvua zikishakata, kila lori likipita linanyanyua barabara na kuibeba hewani, na kabla barabara haijashuka lori lingine limeshafika. Mimi ni fundi wa pikipiki, kibanda changu kilipakana na banda la yaya, na vijana wa taksi-moto hunijia na pikipiki zinazokohoa kama wazee. Nafungua filtre, chujio la hewa, naigonga kwenye tairi, na udongo unaotoka humo ungetosha kupanda maharage. Wakati mwingine nahisi mashamba ya Lualaba nzima yatakuja kukutana kwenye sakafu yangu.

Pikipiki ina bahati. Ina filtre, na ina mimi wa kuigonga. Yaya alikuwa na pua tu.

Kilianza kama kikohozi cha kawaida cha kiangazi, ambacho hakuna anayekijali. Siku moja dereva mmoja Mtanzania, mtu mrefu wa maneno ya polepole, mteja wake wa miaka, aliletewa sahani akaitazama kwa makini. Akasema, "Dada, samaki wako huyu ananitazama kama trafiki."

Yaya akaanza kucheka. Kicheko kikapanda vizuri kama siku zote, na pale pale juu, kabla ya kuteremka, kikakatika. Kikageuka kikohozi. Alishika meza, akainama, akakohoa mpaka macho yakawa mekundu, na kila mtu kwenye benchi akaacha kutafuna. Dereva aliomba radhi kana kwamba amempiga. Tokea siku hiyo yaya alikuwa akisikia mzaha unakuja, anaziba mdomo kwa pembe ya kitenge na kutikisa kichwa tu.

Nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, naye njia nzima akinilaumu kwa mashimo kama vile mimi ndiye niliyeyachimba. Walimpima, wakachunguza makohozi, wakakuta kifua kikuu hakimo. Daktari alisema kifua kimechoka na vumbi, na moshi wa makaa umeongezea. Akiendelea kukaa pale pale kifua kitazidi kubana, na utafika wakati hakitafunguka tena kama zamani. Dawa angempa, lakini dawa kubwa ilikuwa kuondoka barabarani.

Yaya aliniambia hayo tukirudi, akipaza sauti juu ya mlio wa injini. "Dokta anasema nitoke ku barabara. Sasa nitapikia nani, bijiti ya mu pori?"

Nilikuwa na la kusema, maana mimi nina elimu. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na ndevu, nimekaa dawati moja na kijana ambaye baba yake nilicheza naye mpira, na diploma yangu imetundikwa ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la angahewa. Mwalimu wetu alichora dunia ubaoni, duara kubwa, akaizungushia mstari wa chaki. Akasema mstari huo ndio hewa yote tuliyo nayo. Kisha akarudi nyuma, akautazama, akasema hapana, nimekosea, mstari huu ni mnene mno. Mawingu yote, ndege zote, moshi wa dunia nzima na pumzi ya kila mtu, vyote vimo ndani ya kitu chembamba kuliko alama ya chaki.

Nilimweleza yaya kwa bukari. Nikamwambia dunia ni kama bukari yako ikiachwa mezani, na hewa ni ile ngozi nyembamba inayokauka juu yake. Aliitazama bukari, akanitazama mimi.

"Mudogo," akasema, "sasa juu ya nini hiyo ngozi yote ilikuya kulala pa meza yangu?"

Swali hilo halikuwemo katika mtihani.

Tulijaribu tulivyoweza. Kwenye avenue yetu, mtaa wetu, kila nyumba humwagia maji kipande chake cha barabara asubuhi, na yaya alikuwa akimwagia chake kuliko wote, lakini jua la kiangazi linayanywa maji hayo kabla hujarudisha ndoo. Alijaribu barakoa iliyobaki kutoka wakati wa korona. Aliivua siku hiyo hiyo, akasema madereva wanafikiri banda limekuwa hospitali. Ndipo tukapata wazo la turubai, na sijui hata nani kati yetu alilitamka kwanza. Lilikuja kama mawazo yote mabaya, likiwa limevaa vizuri.

Dereva mmoja alituachia turubai kuukuu la lori, pana, zito, lenye viraka. Tukasema tutalizungushia banda lote, tuache mlango tu, vumbi likae nje na watu wale ndani kama hotelini. Hatukukumbuka turubai lile lilikuwa limefunika nini maisha yake yote. Tulipolikung'uta, wingu lililotoka humo lilifunika kibanda changu, banda, na lori la mbele katika foleni, na dereva wake akapiga honi akidhani kumekucha vibaya. Hata hivyo tulilifunga. Tulifunga kwa kamba za mpira, tukabana kila tundu, na mimi nikapita nikikagua kama mhandisi wa mgodi.

Kisha yaya akaingiza mbabula, jiko lake la makaa, kwa sababu asubuhi za kiangazi huku ni baridi kweli, na kwa sababu mbabula ilikuwa inakaa ndani siku zote.

Vumbi halikuingia, hilo lazima nilikubali. Hakuna kilichoingia, na hakuna kilichotoka. Moshi wa mafuta ya samaki ulipanda ukakuta turubai, ukarudi ukakaa mezani na wateja. Walitoka mmoja mmoja wakifuta macho. Mmoja alisema hata kwenye kilio cha babu yake hakulia namna ile. Mwingine akasema, "Mama, unatukausha sisi ao samaki?" Tulikuwa bado tunacheka tulipomwona yaya akitoka wa mwisho, akishikilia nguzo. Kichwa kilimuuma, miguu ilikuwa mizito, na kikohozi kilikuwa kimeisha nguvu, kikawa sauti tu ya mtu anayetafuta hewa na hapati. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilichukua kisu nikakata kamba zote.

Alipopata nafuu nilimweleza kwamba makaa yanayowaka mahali palipozibwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, na kuna watu waliolala nayo chumbani wakati wa baridi wasiamke. Yaya aliitazama mbabula.

"Vumbi afazali," akasema mwishowe. "Ile unaiona inakuya."

Mbabula ikahamia nje, chini ya kipande cha bati, na haijaingia tena ndani. Lakini vumbi lilirudi mahali pake, na banda likawa kimya. Ukimya wa malewa ni kitu kibaya. Madereva waliketi, wakala, wakatoa mzaha kwa heshima, kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani, naye akatikisa kichwa na kitenge mdomoni. Wengine walianza kushukia banda la mbele zaidi. Hawakuwa na ubaya. Ni vigumu kula mbele ya mtu anayeumia.

Kilichotuokoa ni matembele. Yaya alikuwa na tuta lake nyuma ya banda, lakini siku hiyo halikutosha, akanituma ng'ambo ya barabara kwa mama mmoja mwenye bustani, nikaleta furushi. Yaya akaweka majani yake katika beseni moja na ya yule mama katika lingine, akaanza kuosha. Beseni la kwanza maji yalikuwa mekundu kama ya kufyatulia matofali. La pili, ungeweza kuoshea uso. Aliacha mikono ndani ya maji. Alitazama beseni hili, akatazama lile, kisha akanyanyua kichwa na kutazama ng'ambo.

"Mudogo. Kule na huku, ni barabara moja?"

"Ni moja, yaya."

"Malori ni moja?"

"Ni yale yale."

"Sasa ya yule mama juu ya nini ni safi?"

Nilifungua kinywa kumjibu, na wakati huo huo lori likapita, na wote wawili tukaona kitu tulichokuwa tukikiona tangu utoto. Vumbi lilinyanyuka, likasimama kidogo, halafu likainama lote kuja kwetu. Hakuna hata ukufi mmoja ulioelekea ng'ambo. Upepo wa kiangazi huku hutoka mawio, unaamka jua likishapanda, na unasukuma kila kitu kwenda machweo. Mimi mwenye diploma nilikuwa karibu kabisa kulisema jambo hilo. Nilichelewa kidogo tu, labda miaka kumi.

Kuhama si maneno. Mama wa bustani hakuwa na tatizo. Alitupa pembe ya mbele ya uwanja wake, akaomba tu majivu ya mbabula kwa ajili ya matuta yake. Tatizo lilikuwa madereva. Dereva wa lori lililojaa haondoki mbali nalo. Akiketi ng'ambo ataona ubavu mmoja tu, na vijana wanaoiba mafuta hupandia ubavu ule mwingine, wa gizani. Yaya alijua hivyo kuliko mimi. Alihama hata hivyo, asubuhi moja, benchi likibebwa kichwani, meza ikifuata, na mbabula nikiibeba mimi kama mtoto wa kubatizwa.

Siku ya kwanza hakuvuka mtu. Waliotuona waliinua mkono wakiwa ndani ya malori yao, wakala mikate mikavu. Bukari ikapoa, ikaota ile ngozi. Mimi nilikula ya watu wote mpaka mkanda ukakataa kufika tundu lake, lakini mteja mmoja, hata awe na bidii namna gani, hajazi malewa. Yaya aliketi mikono ameikunja. Hakukohoa sana siku hiyo, nami nikamwambia. Akasema ameona.

Kesho yake ilikuwa vile vile mpaka saa sita. Alianza kufunika sufuria.

"Kesho nitarudia kule," akasema, bila hasira. "Afazali nikohoe katikati ya batu."

Nilijua anasema kweli ya moyo wake, na nilijua daktari naye alisema kweli, na shule ya jioni haikutufundisha namna ya kuzijumlisha kweli mbili za namna hiyo.

Alikuwa amebakiza samaki katika beseni, akasema asiwaache waharibike. Akatia mafuta, akatia kitunguu na saumu na pilipili, akawaweka. Siku hizo mbili alikuwa amekaanga alfajiri, upepo bado umelala; sasa ulikuwa wakati ule ambao unaamka. Harufu ilipanda juu ya mbabula, ikasita kidogo, ikainama, ikavuka barabara kama mtu anayejua anakokwenda. Niliifuata kwa macho, naapa niliiona. Iliingia dirisha la lori la kwanza, ikatoka la pili yake, ikashuka na foleni yote. Vichwa vikaanza kuchungulia. Miaka yote aliyopika upande wa machweo, harufu yake ilikuwa inakwenda kwenye mapori ya nyuma kulisha panzi.

Yule Mtanzania alishuka. Alisimama mlangoni mwa lori lake, akainua pua, akatazama mzigo, akatutazama sisi.

"Dada," akaita, "umehamia Ulaya?"

"Kuya kula," yaya akajibu. "Trafiki yako eko hapa, anakungojea."

Alionyesha lori lake kwa kidole, akatikisa mikono kwamba hawezi. Kisha akamwendea mwenzake wa lori la nyuma, wakasemezana, wakaja wengine wawili, mazungumzo yakawa marefu kama ya mahari. Mwisho tukaona mmoja wao anaketi kule kule upande wa machweo, kwenye jiwe lililobaki mahali pa banda la zamani, anatazama zile mbavu za gizani za malori yote. Waliobaki wakavuka. Tangu hapo ndiyo desturi yao: mmoja analinda, wenzake wanakula, na kila siku analinda mwingine. Anayelinda ndiye anayepelekewa sahani kwanza. Hilo aliliweka yaya mwenyewe, na hataki mjadala.

Sitaki mtu afikiri tulihamia peponi. Kuna siku upepo unalala, na harufu kali ya viwanda inashuka juu ya mji, ile inayokwaruza koo kama umelamba betri. Siku hizo upande huu na upande ule ni kitu kimoja. Yaya anafunika sufuria zote, anatugawia vitambaa vilivyolowa vya kuziba pua, tunangoja. Nakumbuka mstari wa mwalimu. Tumevuka barabara, lakini ndani ya mstari bado tumo, sote na malori yetu. Na nyumba za upande wa machweo hazikuweza kubebwa kichwani kama benchi. Mkubwa wa avenue amekwenda kuomba gari la kumwagia maji lipite kila asubuhi. Linapita linapojisikia. Yeye anarudi kuomba, nasi tunamsindikiza kwa zamu, na zamu yangu nahutubia mpaka wananiombea kiti.

Juzi, baada ya miezi ya dawa na ya upande mwingine wa upepo, yule Mtanzania alirudi kutoka safari. Aliketi, akaletewa samaki, akamgeuza, akaanza kumla kichwa kabla ya mkia. Yaya akamuuliza tangu lini anakula kinyumenyume.

"Leo nimeanza na macho, dada," akasema. "Asije akaona nimezidisha mzigo."

Yaya alipeleka mkono kwenye pembe ya kitenge. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Kicheko kikaanza kule chini, kikapanda na mlima wake, taratibu, kikafika juu. Hapo sote tulishika pumzi zetu, nadhani hata samaki. Kikakaa juu. Kisha kikaanza kuteremka, kishindo kimoja, kishindo kingine, mpaka chini kabisa, akafuta macho, na baada yake hakikuja kikohozi.

Yule mlinzi wa zamu, ng'ambo, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama juu ya jiwe lake akaita, "Munacheka nini huko?"

Yaya akapakua sahani yake, akaifunika kwa sahani nyingine ili vumbi lisiionje, akangoja lori tupu lipite. Akavuka kumpelekea chakula, na mzaha.